Maua ya Waya Pasipo Gundi

Maongezi yetu ya leo ni juu ya kazi ndogo ya mikono, nayo ni kutengeneza maua kwa waya wenye manyoya pamoja na watoto wadogo, pasipo kutumia gundi hata tone moja. Huenda mzee mmoja aliyekaa barazani akacheka, akasema, "Maua yamejaa kondeni, ya nini kuyafanya ya waya?" Swali lake ni la haki, nasi tutalijibu, lakini yafaa tueleze kwanza habari za waya wenyewe.

Asili ya waya huu si kitu cha shule. Ulifanywa kwa ajili ya wavutaji wa kiko, wapate kusafisha mrija uliozibwa na masizi ya tumbako. Ukiutazama kwa karibu utaona ya kuwa ni nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja kama kamba, na ndani ya msokoto huo zimebanwa nyuzi fupi fupi ambazo ncha zake zatokeza pande zote, mfano wa manyoya ya kiwavi. Wala hatukosei kutaja kiwavi, maana huko Marekani nyaya zinazofanywa kwa michezo ya watoto huitwa kwa neno la Kifaransa lenye maana hiyo hiyo. Zile za kiko huwa fupi na nyeupe, na nyuzi zake ni za pamba. Zile za watoto huwa na rangi nyingi, na urefu wake kwa kawaida ni inchi 12, yaani sentimita 30 hivi. Siku hizi hupatikana katika maduka ya vitabu na vifaa vya shule mijini, zikiwa zimefungwa vifurushi.

Basi, angalieni jambo moja. Nyuzi zile hazikugandishwa kwa gundi. Zashikwa na msokoto tu. Hiyo ndiyo sababu tunasema gundi haina kazi hapa: waya ulikwisha kujionyesha wenyewe jinsi utakavyoshikana na mwenziwe.

Kuhusu gundi tuna kisa chetu. Zamani tulipokuwa tukiwafundisha wanafunzi wa ualimu, tulikuwa na desturi ya kupika gundi ya unga wa muhogo kwa kazi za karatasi. Ni gundi njema, lakini ina adui wengi. Sisimizi huijia, panya hutafuna kazi ya watoto usiku, na wakati wa masika haikauki upesi, bali hufanya ukungu mweusi. Haya yote tuliyavumilia. Lakini mwaka mmoja mvua zilikosekana na chakula kikawa haba. Mwanafunzi wetu mmoja alikwenda kufundisha somo la majaribio katika shule ya jirani, akapika sufuria nzima ya gundi mbele ya watoto. Kesho yake bibi mmoja alikuja na mjukuu wake amemshika mkono, akatuamkia kwa heshima yote, akauliza, "Mwalimu, mjukuu wangu asema hapa unga wapakwa karatasi. Ni kweli, au mtoto huyu ameanza kusema uongo?" Tulimjibu ya kuwa mtoto hakusema uongo. Hakuongeza neno, alitushukuru akaenda zake. Tangu siku ile hatukupika tena gundi ya unga, hata katika miaka ya mavuno mengi, tukaanza kutafuta kazi ambazo vitu hushikana kwa kufungwa, kusukwa na kusokotwa.

Sasa tumjibu mzee wa barazani. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua shule ya watoto wadogo mwaka 1837 katika mji wa Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akaiita kwa jina lenye maana ya bustani ya watoto, aliwapa watoto mipira, vipande vya mbao, na karatasi za kukunja na kusuka, kwa kuwa aliona ya kwamba mtoto hufikiri kwa mikono. Bibi Maria Montessori naye, aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliweka vishikio vidogo juu ya vifaa vyake ili mtoto avishike kwa vidole vitatu, ndivyo vidole vitakavyoshika kalamu baadaye. Mtoto asokotaye waya hutumia vidole hivyo hivyo. Na kwetu watoto hawakungoja wataalamu: atazamaye msichana wa pwani akijifunza kusuka ukili kando ya nyanya yake ataona somo hili limekwisha kufundishwa siku nyingi. Mtoto hafanyi ua kwa sababu maua yamepungua kondeni. Alifanya ili vidole vyake vipate nguvu na utii, na jicho lake lijue kupima.

Twende kazini. Kwa watoto wa miaka minne au mitano tunaanza na ua la petali sita. Petali ni yale majani ya rangi yaliyozunguka moyo wa ua. Mwalimu akate nyaya za rangi katikati, zipatikane vipande vya inchi 6. Atumie koleo au mkasi mkuukuu, kwa maana waya huharibu makali ya mkasi mzuri, nasi twajua fundi cherehani mmoja ambaye hakumsamehe mwanawe kwa jambo hilo. Kila mtoto apewe vipande vitatu vya rangi aipendayo, na waya mmoja mzima wa kijani kuwa kikonyo.

Mtoto aviweke vipande vitatu pamoja kama kuni za mzigo, avishike katikati. Kisha apitishe waya wa kijani juu ya katikati hiyo, aukunje inchi 2 hivi kwa upande wa pili, na asokote ncha hiyo fupi pamoja na kikonyo chake mara tatu au nne, chini kabisa ya mzigo, kwa nguvu. Sasa afunue vipande: vitatu huku na vitatu kule, avitandaze kama miale ya jua. Hapo mwalimu asiseme neno, aulize tu, "Tulichukua vipande vingapi? Na sasa petali ni ngapi?" Watoto wengi hustaajabu kuona tatu imekuwa sita pasipo mtu kuongeza kitu. Mwisho, kila petali ikunjwe ncha yake mpaka ifike moyoni mwa ua, na ncha hiyo izungushwe mara moja penye fundo. Ua limekwisha. Litikiseni; halitaachana.

Halitaachana kwa nini? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, waya wa namna hii ukipindwa kupita kiasi fulani haurudi ulivyokuwa, kama urudivyo ufito mbichi, bali hukaa katika umbo ulilopewa. Ya pili, manyoya ya waya huu huingia katika manyoya ya waya ule na kukwama, hata usiteleze. Lakini mwonyeni mtoto asiukunje na kuukunjua mahali pamoja mara nyingi, kwa maana chuma kikisumbuliwa hivyo huwa kigumu penye kunjo, kisha hukatika.

Kwa watoto wa miaka sita na saba kuna ua la matanzi, ambalo ni gumu kidogo. Mtoto atwae waya mzima wa inchi 12, aache inchi moja mwanzoni, kisha afanye kitanzi kwa inchi 2 za waya na kukisokota mara moja shingoni. Aendelee hivyo hivyo mpaka apate vitanzi vitano, na ncha ya mwisho aisokote pamoja na ile ya kwanza, duara lifungike. Kwa moyo wa ua akate kipande cha njano cha inchi 4. Sehemu kubwa aizungushe kama konokono mpaka iwe kifungo, na iliyobaki, ya inchi moja na nusu hivi, aiteremshe katikati ya vitanzi na kuizungushia kikonyo. Jani la kijani hufanywa kwa kipande cha inchi 4 kilichokunjwa katikati, ncha zake mbili zikasokotwa kwenye kikonyo. Vitanzi vya mara ya kwanza havitakuwa sawa, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Mwalimu asivirekebishe.

Tumesema asivirekebishe, nasi tuna sababu ya kuwasihi hivyo. Katika darasa letu moja palikuwa na mtoto wa kiume atumiaye mkono wa kushoto. Siku zile tulikuwa bado twashikilia ya kwamba kila kazi ifanywe kwa mkono wa kulia, na mara nyingi tulikuwa tumeuhamisha mkono wake pasipo kumwuliza. Siku ya maua, msokoto wake ulionekana kwetu kuwa umekwenda upande usiofaa. Tuliliondoa ua mikononi mwake, tukaanza kulikaza kwa namna yetu, na watoto wengine wakitazama. Kila tulipokaza, ua lililegea. Mara petali zikaanguka mezani. Mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mbona wafungua?"

Alisema kweli. Aliye na mkono wa kushoto husokota kuelekea upande mmoja, na wa kulia upande wa pili, na misokoto yote miwili ina nguvu sawasawa. Chenye kuufumua msokoto ni kuurudisha nyuma, nako ndiko tulikokuwa tukikufanya kwa juhudi kubwa tukidhani twamsaidia. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, jambo ambalo halikuwa jepesi kwa mwalimu wa umri wetu. Alilifanya ua lake upya kwa mkono wake, na tangu siku ile tuliacha kuhamisha kalamu ya mtoto kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kwa hiyo, ninyi walimu vijana, mtoto akiomba msaada, mwulizeni kwanza alikuwa akizungusha upande gani, ndipo mwendelee upande huo huo.

Kuna hatari moja ya kazi hii, nayo ni ncha za waya. Mahali ulipokatwa, waya huwa mkali kama sindano, na manyoya huficha makali yake. Mtoto mmoja alichomwa chini ya ukucha, akauficha mkono wake mfukoni hata kengele ilipolia, kwa kuogopa kukemewa. Kosa lilikuwa letu, maana hatukuwaonya. Kabla ya kugawa vipande, kila ncha ikunjwe kiasi cha upana wa punje ya mtama na kubanwa kwa koleo. Watoto wasikae wamebanana, wala wasiinue waya karibu na uso wa jirani. Na wale wachanga ambao bado hutia kila kitu kinywani wasipewe waya kabisa.

Tumesikia manung'uniko ya walimu wa mashamba ya mbali, ya kwamba waya wa namna hii hawaupati, au bei yake yawashinda. Basi ufanyeni wenyewe, kwa kuwa siri yake mmekwisha kuijua. Tafuteni waya laini, mwembamba kuliko ule wa kufungia nondo, ambao mtoto aweza kuupinda kwa vidole viwili. Kateni kipande cha inchi 24, mkikunje katikati juu ya msumari uliopigwa ukutani, ili ziwe nyaya mbili sambamba. Katikati yake pangeni nyuzi fupi za katani, za inchi moja, zikilala kwa kukingama, si nyingi mno. Mtoto mmoja azibane ncha mbili za waya katika kijiti kilichopasuliwa na kukizungusha, na mwingine azuie nyuzi zisianguke mpaka msokoto uzikamate. Kisha punguzeni manyoya kwa mkasi yawe sawa. Pamba ambayo haijasokotwa yafaa pia, na vipande vya nyuzi za sufu kutoka fulana kuukuu hufaa kupita vyote kwa kuwa vina rangi tayari. Usufi hatuusifu, tuliujaribu, ukateleza wote ukaruka darasani.

Na kwa kuwa tumetaja katani, waambieni watoto ya kuwa mkonge nao ulikuwa mgeni. Mwaka 1893 Dokta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ije Tanganyika, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mashamba makubwa ya mkoa wa Tanga yalitokana na hiyo michache. Watoto wa miaka saba huipenda sana hesabu hiyo, wakajaribu kutoa 62 katika 1,000 kwa vidole.

Maua yakiisha, yachomekeni katika kopo lililojazwa mchanga mkavu, mbali na dirisha lipitishalo mvua. Wakaao pwani wajue ya kuwa hewa ya chumvi hutia waya kutu upesi, na kutu ikitokea huchafua manyoya meupe. Kwa hiyo kwao rangi za udongo na nyekundu ndizo zifaazo. Jina la kila mtoto liandikwe kwenye kipande cha karatasi na kutobolewa na kikonyo chake, nako si lazima gundi. Mwisho wa muhula kila mmoja achukue lake nyumbani. Yule mtoto wa mkono wa kushoto alituachia la kwake, na petali zake zatazama upande usio wa wenzake.