Kombe na Chaza: Vuna Pwani, Lakini Acha Mbegu

Leo tunaliweka jembe kando kidogo, tunachukua kikapu na kushuka pwani.

Najua wako watakaouliza: "Bibi Shamba, mambo ya pwani na kilimo wapi na wapi?" Subiri kidogo, ndugu yangu. Mkulima wa Fumba, wa Chwaka au wa Kilwa ana shamba la muhogo na minazi kule juu, na ana shamba jingine ambalo maji hulifunika mara mbili kila siku. Lile la kwanza hulilima. Hili la pili huvuna tu, miaka nenda miaka rudi, wala hapandi kitu. Na shamba linalovunwa bila kupandwa, mwisho wake unaujua.

Basi leo tutazungumza juu ya kuokota kombe, chaza na kome. Tutaeleza wakati wa kwenda, namna ya kuokota, namna ya kula bila kuugua, na namna ya kuacha mbegu.

KUJUA MAJI

Wazee wetu walihesabu mwezi kabla ya kushuka pwani, na hesabu yao ni sahihi mpaka leo. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ndipo inapokuja bamvua. Maji hujaa sana na hupwa sana. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Hayapandi sana wala hayashuki sana, na kombe wengi hubaki wamefunikwa. Kwa pwani ya Unguja na Dar es Salaam, siku za bamvua maji ya mchana hufikia mwisho wa kupwa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Kila siku inayofuata huchelewa kiasi cha dakika 50.

Sasa sikiliza jambo ambalo limewapoteza watu. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Tangu kupwa kabisa mpaka kujaa ni kama saa sita. Ukigawa kimo chote cha maji mafungu 12, saa ya kwanza huingia fungu 1 tu. Saa ya pili huingia 2, saa ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Bamvua kubwa ya kwetu hufikia karibu mita 4. Kwa hiyo saa ya kwanza maji hupanda kama sentimita 30, na wewe unasema, "Aa, bado." Lakini saa ya tatu peke yake hupanda mita nzima. Hicho ni kiuno cha mtu mzima.

Mimi mwenyewe nimelionja hili. Nilipokuwa msichana tulikwenda wanne, mimi na shoga zangu, mpaka kwenye fungu la mchanga lililo mbali. Kombe walikuwa wengi siku ile, na mazungumzo yalikuwa matamu. Tuliyaona maji mbele yetu yako mbali, tukaendelea kuinama na kucheka. Hatukugeuka kutazama nyuma. Kumbe kati ya fungu na ufukwe kuna mkondo, na mkondo hujaa kwanza. Tulipoinuka, njia tuliyojia haipo. Tulivuka maji yakiwa kifuani, tumeshikana mikono. Mmoja wetu hakujua kuogelea, naye tulimweka katikati. Vikapu vyote vinne tuliviacha vichukuliwe na maji. Mama yangu hakunipiga siku ile. Alinitazama tu, akasema, "Bahari haina shoga."

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, shika kanuni hii: nenda maji yakiwa bado yanakupwa, saa mbili kabla ya mwisho wa kupwa. Maji yakigeuka, nawe geuka. Msiende mtu mmoja mmoja. Nendeni kundi, na katika kundi mchagueni mmoja ambaye kazi yake ni kutazama maji, hasa ya nyuma. Mwenzenu huyo mpeni fungu lake la kombe, maana amefanya kazi.

KUOKOTA KWA USALAMA

Usitembee pwani miguu mitupu. Vaa viatu vya mpira au makubadhi yaliyofungwa vizuri. Katika nyasi za bahari wamo wanyama wenye miiba mirefu myeusi, na wako samaki wenye sumu wanaofanana kabisa na jiwe. Usitie mkono ndani ya tundu usiloliona mwisho wake. Tumia kijiti.

Waonye watoto juu ya kome mmoja hasa. Gamba lake lina umbo la pia ya kuchezea, pana juu na limechongoka chini, lenye madoa mazuri ya kuvutia. Huyo ana mwiba wa sumu, na wako wa aina yake wanaoweza kuua mtu. Mwache alipo, hata kama gamba lake linapendeza.

Na ukimkuta kasa, usimguse. Sheria inamlinda. Tena nyama yake wakati mwingine huwa na sumu ambayo moto hauiondoi. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu tisa walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na wanane kati yao walikuwa watoto. Hili si jambo la kusimuliana tu, ni jambo la kukumbuka.

KULA BILA KUUGUA

Kombe na chaza hula kwa kuchuja maji. Huvuta maji, hubakiza chakula, hutoa maji yaliyobaki. Basi maji yakiwa machafu, uchafu hubaki ndani ya mwili wao. Kwa sababu hiyo usiokote karibu na bomba la maji machafu, karibu na vyoo, bandarini, wala mahali mto unapomwaga maji mara baada ya mvua kubwa. Humo mnaweza kuwamo vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini.

Ukifika nyumbani, chagua. Kombe mzima ukimgonga hujifunga. Aliye wazi na hajifungi amekufa, mtupe. Waliobaki wasafishe kwa maji safi na kuwasugua magamba. Kisha wachemshe. Wakishafunguka usiepue hapo hapo, waache wachemke dakika tatu hadi tano zaidi. Asiyefunguka baada ya kuchemka, usimfungue kwa kisu. Mtupe naye.

Liko jambo moja zaidi. Wakati mwingine viumbe vidogo vya baharini huzaana kwa wingi mno, na maji huweza kugeuka rangi ya kahawia au nyekundu. Baadhi yao wana sumu, na sumu hiyo kuchemsha hakuiondoi. Ukiona maji yamegeuka rangi hivyo, rudi nyumbani na kikapu kitupu. Na mtu aliyekula chaza akianza kusikia ganzi midomoni na vidoleni, au kupumua kwa shida, mpelekeni hospitali mara moja. Msingoje kulipambazuke.

KUACHA MBEGU

Sasa tumefika penye kiini cha mazungumzo yetu. Wewe mkulima hupiki mahindi yako yote. Unachagua masuke mazuri, unayatundika juu ya moshi wa jiko, na hata njaa ikibisha hodi huyagusi. Je, pwani umeweka mbegu wapi?

Kombe hana miguu ya kumfuata mwenziwe. Dume humwaga mbegu zake majini, na jike humwaga mayai yake majini, vikutane humo humo. Wakiwa wamekaa karibu karibu, vitakutana. Wakiwa mmoja huku na mwingine kule, vinapotea. Ndiyo sababu pwani iliyochumwa sana hairudi upesi, hata kama kombe wawili watatu bado wanaonekana. Wapo, lakini ni kama wajane.

Mambo ya kufanya si magumu:

1. Kombe wadogo waacheni. Kubalianeni kijijini kipimo cha vidole, na kiwe kimoja kwa wote. Kipimo cha mtu mmoja peke yake hakisaidii, maana anachoacha yeye atakiokota wa nyuma.

2. Jiwe ulilogeuza, lirudishe lilivyokuwa. Chini yake kuna wadogo watakaokufa kwa jua.

3. Usivunje matumbawe kutafuta kitu, wala usikate mizizi ya mikoko ili kupata chaza. Banduka chaza, acha mzizi. Mzizi huo utashika chaza wengine.

4. Tengeni sehemu ya kupumzika, kama mnavyopumzisha shamba.

Hili la nne limejaribiwa. Mwaka 2004, wavuvi wa kijiji cha Andavadoaka huko Madagaska walifunga sehemu moja ya mwamba wao kwa miezi saba, asivuliwe pweza hata mmoja. Walipofungua waliwakuta pweza wakubwa zaidi, na vijiji jirani vikaiga. Pweza hukua haraka, kombe hukua polepole, kwa hiyo msitazamie miezi saba itoshe. Lakini njia ni ile ile: kufunga kwa kukubaliana wote, na kufungua siku moja kwa wote.

Najua ugumu wake. Mama mwenye watoto watano, hana mboga leo, utamwambia asiokote? Ndiyo maana nasema funga sehemu, usifunge pwani nzima. Na wanaokusanyika kukata shauri wasiwe wanaume peke yao chini ya mwembe. Wanaoinama kuokota kombe ni wanawake na watoto, basi wao wawe wa kwanza kusema ni sehemu gani ifungwe.

MAGAMBA YASITUPWE

Kabla hatujaagana, neno kwa wafuga kuku. Magamba ya kombe mliokula yaosheni, yachomeni kidogo motoni mpaka yawe mepesi kuvunjika, kisha yatwangeni yawe chenga chenga. Yawekeni katika chombo mbali na chakula, kuku wanaotaga watadonoa wenyewe. Yana madini yale yale yanayotengeneza ganda la yai. Mayai yenye maganda laini yatapungua.

Basi, ndugu wakulima, bamvua ijayo iko karibu. Kabla ya kushuka kaeni na wenzenu, mkubaliane mambo matatu tu: nani atatazama maji, kipimo chetu ni vidole vingapi, na sehemu gani itapumzika. Kwa leo tunaishia hapo. Mvune salama na mrudi wote. Kwaherini.