Mashua Inayoliwa Chini kwa Chini

Ikiwa riziki ya nyumba yako hutoka baharini, subiri maji yatoke kisha nenda ukaitazame mashua yenu. Usiitazame ubavuni, penye jina na rangi inayong'aa. Inama uitazame chini, karibu na mkuku. Chukua kisu chenye ncha, uudokoe ubao. Kisu kikigoma, mshukuru Mungu. Kikizama kama kinavyozama katika muhogo uliooza, basi mna mgonjwa nyumbani, na ugonjwa wake haukuanza leo.

Adui huyo ana umbo la mnyoo, ingawa kwa nasaba ni jamaa ya kombe na chaza. Huutua ubao angali mchanga mno, mdogo kuliko kichwa cha pini, akaingia kwa tundu ambalo jicho halilioni kwa urahisi. Akishaingia hatoki tena. Hukua humo humo, akitoboa njia kwa kufuata nyuzi za mti, na kuta za njia hiyo huzipaka chokaa yake mwenyewe kama mtu anayejenga nyumba. Kwa nje ubao huonekana mzima kabisa. Siku ya kuvunjika huvunjika huko kwenye mawimbi, na waliomo ndani ni baba wa watoto, kaka na mashemeji.

Kwa sababu hiyo kuipaka mashua si urembo, lakini wengi wetu tumekufanya urembo. Mtu hununua debe la rangi ya nyumba, akalipaka juu ya ubao wenye unyevu, akajiona amemaliza. Rangi hiyo haikutengenezwa ikae majini mchana na usiku. Haipiti muda mrefu huanza kufanya malengelenge na kubanduka, na kila mahali ilipobanduka ni mlango uliofunguliwa kwa mdudu. Mwenye mali haoni, kwa kuwa sehemu ya juu ya maji ingali inang'aa.

Wazee wetu wa pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, walikuwa na dawa yao, na mafundi wengi wangali wanaitumia: deheni. Ni chokaa iliyopondwa ikachanganywa na shahamu ya mnyama iliyoyeyushwa, kisha ikapakwa kwa mkono kuanzia mkuku hadi mstari wa maji. Chokaa na shahamu zikikutana hugeuka kuwa namna ya sabuni ngumu isiyoyeyuka majini. Hugandamana na ubao na kumzibia njia yule mchanga anayetafuta pa kuingilia. Tena ni nyeupe, hivyo ufa na mkwaruzo huonekana upesi. Kasoro yake ni kwamba haidumu mwaka. Hapana budi kuirudia mara kwa mara, na hapo ndipo wengi tunaposhindwa, kwani kila tukitaka kuirudia kuna ada ya shule au harusi ya binamu.

Kazi yenyewe huamuliwa na mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji katika pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mashua huletwa juu maji yakiwa yamejaa, ikatiwa magadi ili isilale, na maji yakitoka hubaki kavu. Kwanza ikwanguliwe mwani na makombe yote. Kisha, ikiwa ni mashua ya deheni, ipitishiwe moto wa makuti makavu, haraka haraka, ili joto lipenye na kuwaua wadudu waliokwisha ingia. Moto huu unataka mtu mzima mwenye uzoefu. Ndoo za maji ziwe karibu na watoto wawe mbali. Baada ya hapo ndipo hukaguliwa kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa katikati ya mbao. Iliyooza itolewe, itiwe mpya. Mtu anayepaka deheni juu ya kalafati iliyooza anafunika kidonda bila kukiosha.

Je, rangi za kisasa? Zipo rangi za chini ya maji zenye shaba, nazo ni nzuri kwa mwenye uwezo. Kwamba shaba huwazuia wadudu si habari mpya: mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika chini merikebu yake iitwayo Alarm kwa mabati ya shaba. Rangi hizi hufanya kazi kwa kumung'unyika kidogo kidogo, basi usishangae ikichakaa. Ila zinataka ubao mkavu hasa, na ubao wa mashua iliyotoka majini asubuhi haukauki kabla maji hayajarudi. Lazima ipandishwe juu ikae siku kadhaa, nazo ni siku zisizo na samaki. Usidanganywe na wekundu wake pia: si kila rangi nyekundu ina shaba. Soma kopo, na usiizimue ili itoshe.

Na hapa nina neno kwa kina mama. Kinachomuua mdudu wa baharini hakibagui. Tangu miaka ya 1960 dunia ilitumia rangi zenye sumu ya namna ya bati, kali kuliko shaba. Huko Arcachon, Ufaransa, chaza wa kufugwa waliota magamba mazito yasiyo ya kawaida na vizazi vyao vikapungua, hata serikali ikaipiga marufuku katika vyombo vidogo mwaka 1982. Mkataba wa dunia nzima ulianza kutumika mwaka 2008. Basi mashua yenye rangi inapokwanguliwa, tandikeni turubai chini, na magamba ya rangi yakusanywe yasibaki pale mnapookota kombe na chaza za kitoweo. Wala mashua ya namna hiyo isichomwe kwa makuti, kwa kuwa moshi wa rangi kuukuu huweza kuwa na risasi, nayo huwadhuru watoto kuliko watu wazima.

Juu ya mstari wa maji adui ni jua. Zamani mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, yenye harufu ambayo hakuna aliyepata kuisahau. Papa wamepungua, na sasa baadhi yetu hupaka oili chafu ya injini. Binafsi siiafiki hata kidogo: huchafua bahari na mikono, na haiachi ngozi ya kuukinga ubao. Huko Kerala, India, mafuta ya maganda ya korosho yamekuwa yakitumika kuhifadhi mashua, na korosho Mtwara na Lindi si haba. Atakayejaribu avae glavu, kwani mafuta hayo huunguza ngozi vibaya.

Jambo moja husahauliwa hata na mafundi. Mashua ikisimama mchangani, upande wa chini wa mkuku hauonekani wala haupakwi, na mdudu anapajua. Bamvua hii iegemezeni juu ya magogo upande mmoja, na maji yatakapotoka tena iegemezeni upande wa pili, ili pale ilipokalia jana pafikiwe leo.