Binti Aliyekimbilia Misheni (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi riwaya za Kikristo za vijana kutoka Ulaya na Marekani zilivyojaa mabinti wa Zama za Kati wanaotorokea msituni, upinde mkononi, nywele zimefichwa ndani ya kofia ya kiume. Mfano wetu ulikuwa The Huntress of Thornbeck Forest ya Melanie Dickerson, iliyotoka 2015: msichana wa Ujerumani ya karne ya 14 anawinda usiku kulungu wa mtawala ili yatima wapate nyama, naye anapendana na mlinzi wa msitu huohuo. Tukabaki na swali: je, mwandishi wa Bukoba au Muleba anaweza kuandika riwaya ya aina hiyo bila kuazima msitu wa watu?

Anaweza, ila kwanza auweke chini upinde.

Tuanze na sheria, maana mkimbizi asiye na sheria anayoikimbia ni mtembezi tu. Uingereza, baada ya Wanormani kuiteka 1066, wafalme walitenga maeneo makubwa yakawa misitu yao, na kulungu wa humo wakawa wao. Adhabu ilikuwa kali mno hata ilipotolewa Hati ya Misitu mwaka 1217, ikabidi iandikwe wazi kwamba tangu hapo mtu hatapoteza uhai wala kiungo kwa sababu ya nyama ya mfalme. Mwanamume aliyeitwa barazani akakataa kufika aliweza kutangazwa kuwa nje ya sheria. Mali yake ilichukuliwa, na zamani zaidi yeyote aliyemkuta angeweza kumuua kama anavyoua mbwamwitu.

Je, mwanamke? Wanasheria wa wakati ule walishikilia kwamba mwanamke hawezi kutolewa nje ya sheria kwa sababu hajawahi kuwa ndani yake. Mvulana alipofika miaka 12 aliapishwa, akaingizwa katika kundi la majirani waliodhaminiana. Msichana hakuapishwa, wala hakuwekwa katika kundi lolote. Akikimbia, alihesabiwa kama kitu kilichotupwa njiani kisicho na mwenyewe. Waandishi wengi wa riwaya hizi wanapita mbio hapa, nami nadhani wanapoteza utamu wenyewe. Wanampa binti wao upinde wa Robin Hood na kumfanya nakala ya mwanamume, wakati shida yake ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Hata Marian, mpenzi wa Robin Hood tunayemwona katika filamu, aliingia katika visa hivyo kwa kuchelewa sana. Katika karne ya 13 jina Marion lilikuwa la mchunga kondoo katika mchezo wa Kifaransa wa Adam de la Halle, na mchungaji huyo hakuwa na habari na msitu wa Sherwood.

Anayetaka binti wa kweli wa Zama za Kati amwangalie Christina wa Markyate, aliyezaliwa katika familia yenye mali ya Huntingdon, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 11. Akiwa bado mdogo aliweka nadhiri moyoni kwamba hataolewa. Wazazi wakamchumbia kijana aliyeitwa Burthred. Walimsihi, walimpiga, walimletea zawadi, walimzungushia ndugu na marafiki, mpaka siku moja, amechoka, akatamka kanisani kwamba amekubali. Neno hilo moja ndilo lililomfunga. Alipolikana, askofu alimsikiliza kwanza kwa huruma, kisha akahongwa na baba mtu na kugeuka. Ndipo binti akavaa mavazi ya kiume, akapanda farasi, akatoroka. Alifichwa na mwanamke mtawa wa upwekeni aitwaye Alfwen, halafu na mtawa mzee Roger, katika upenu mwembamba kando ya chumba chake cha sala, mlango umezibwa kwa gogo. Alikaa humo kama miaka minne. Hakuweza kuvaa nguo za kutosha wakati wa baridi kwa jinsi palivyobana, na alitoka nje jioni tu. Mwishowe Burthred alimwachilia, na baadaye Christina akawa mkuu wa nyumba ya watawa wa kike hapo Markyate.

Christina hakumpiga mtu mshale hata mmoja, wala hakuhitaji. Vita vyake vilihusu nani ana haki ya kusema ndiyo. Katika karne ya 12 Kanisa la Magharibi lilikuwa linalimaliza suala hilohilo: kwa maandishi ya Gratian na hukumu za Papa Alexander III, ilikubalika kwamba ndoa hufungwa kwa ridhaa ya wawili wanaooana. Idhini ya baba haikuwa tena ndiyo inayofunga ndoa. Ni rahisi kuiandika kanuni hiyo katika kitabu cha sheria, lakini binti wa miaka 16 mwenye baba, wajomba na askofu dhidi yake alikuwa na kazi kubwa ya kuitumia.

Sasa tuje kwetu. Mwandishi atakayemweka binti wa Kihaya msituni atachekwa na bibi yake mwenyewe. Nchi yetu haikujengwa hivyo. Kuna kibanja, ambamo nyumba imefunikwa na migomba na majirani wanasikiana wakikohoa, halafu kuna rweya, uwanda wa nyasi ambako mtu anaonekana kutoka kilima cha pili. Msitu wa Minziro upo, lakini uko mbali kaskazini, karibu na mpaka wa Uganda. Mtu aliyegombana na ukoo au na omukama, yaani mfalme, alikuwa na njia nyingine. Falme zilikuwa ndogo na zimepakana: Kiziba, Bugabo, Kyamutwara, Kianja, na Ihangiro ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo Muleba ya leo. Ukivuka mpaka, unapata bwana mwingine. Kulikuwa pia na ziwa na visiwa vyake, kama Bumbire na Ikuza. Lakini hizo zilikuwa njia za wanaume, wenye mkuki wa kumtumikia omukama mpya au mtumbwi wa kuvulia. Msichana aliyevuka mpaka peke yake alikuwa anahama tu kutoka mkono wa baba kwenda mkono wa mgeni.

Majirani zetu Bakiga wa Ziwa Bunyonyi wanakumbuka jambo baya zaidi: kisiwa kidogo cha Akampene, ambako msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliachwa afe kwa njaa au azame. Pengine mwanamume asiye na mali ya kulipa mahari alipita na mtumbwi akamchukua. Mwandishi mwenye moyo mgumu ana riwaya nzima hapo, ingawa sijui kama ningemshauri kuwapa watoto wa kidato cha kwanza.

Mwaka 1892 mlango mwingine ulifunguka. Mwezi Januari Wakatoliki wa Buganda walishindwa katika vita vya Mengo, na Askofu Hirth wa Mapadri Weupe akateremka kusini na waumini wake hadi upande wa Wajerumani. Mwishoni mwa mwaka huohuo misheni ya Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba, ikaanzishwa. Wakimbizi hao hawakuja mikono mitupu. Walikuja na kumbukumbu za mashahidi Wakristo wa Buganda waliouawa 1886, na miongoni mwa kumbukumbu hizo kuna ya Munaku, dada wa shahidi Noe Mawaggali aliyeuawa Mityana. Kaka yake alipouawa, Munaku alichukuliwa mateka, na aliyempata alitaka kumfanya mke. Akakataa, akateswa, akaendelea kukataa, mpaka mapadri wakamkomboa. Alibatizwa na kuishi bila kuolewa maisha yake yote. Baadaye, mwaka 1910, shirika la Bannabikira likaanza huko Bwanda, upande wa Masaka, na Bukoba nayo ikaja kuwa na Masista wake wa Mtakatifu Theresa.

Kwa baba wa Kihaya wa miaka ile, shirika la wanawake wasioolewa lilikuwa wizi wa mchana. Mahari imeshapokelewa, rubisi, pombe ya ndizi, imeshanywewa, wakwe wanasubiri, na binti yuko ndani ya ua wa misheni anafundishwa katekisimu. Padri naye alikuwa mtegoni. Sheria ya Kanisa, ileile ya karne ya 12, ilimlazimu amwulize msichana kama amekubali, na hakuweza kufungisha ndoa bila jibu. Lakini alimhitaji pia baba aje kusali, na alihitaji chifu asimnyang'anye ardhi ya kujengea shule. Kwa hiyo mlango wa misheni haukuwa wazi kila siku kwa kila aliyebisha. Na aliyepokelewa alikuta kengele, jembe, zamu za kazi na mama mkuu. Mwanahistoria Birgitta Larsson, aliyechapisha mwaka 1991 utafiti juu ya wanawake na Kanisa katika pembe hii ya Tanzania wakati wa ukoloni, aliuliza katika jina la kitabu chake kama kuongoka kulileta uhuru zaidi. Akaweka alama ya kuuliza, na naiona ya haki.

Njia ya pili iliyokuwapo, na Larsson haifichi, ilikuwa meli. Wanawake wa Kihaya walipanda kwenda Kampala na Nairobi kuuza miili yao. Wengi walirudi na fedha, wakajinunulia vibanja, jambo ambalo binti aliyetulia nyumbani hakuweza hata kuliota. Machifu wakataka wanawake wasisafiri bila kibali. Riwaya ya Kikristo ya vijana huwa inaogopa kuwataja akina mama hawa. Ningependa mwandishi wetu awe jasiri: dada wawili wa nyumba moja, mmoja anakwenda Kashozi, mwingine anakwenda bandarini, na wote wawili wanakimbia posa ileile.

Mtu atasema hatuna mfano wa riwaya ya historia iliyoandikwa na Mkristo wa huku. Tunao, na shule yake iko Muleba. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alisoma katika seminari ya Rubya, akajifunza Kilatini, akarudi kwao kuwa katekista. Mwaka 1945 alimaliza kwa Kikerewe hadithi ya Myombekere na mkewe Bugonoka, na tafsiri yake ya Kiswahili ikatoka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Angalia alichofanya. Hakuhubiri. Aliwaweka watu wake katika wakati kabla ya misheni, akaeleza kilimo, dawa, pombe na wakwe kwa subira ya mtu anayesuka mkeka. Bugonoka anachukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndugu wa mume wanamsimanga kwa kukosa mtoto, na mume lazima atoe pombe ya ndizi ili arudishiwe mke. Ukitafuta ridhaa ya Bugonoka mwenyewe katika mashauri yale ya wazee, utaelewa kwa nini wasichana wa kizazi kilichofuata walisikia swali la padri kama muujiza.

Muujiza huo haukuwafikia wote, wala haukufika mahakamani haraka. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema mwanamke anaweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu maisha yake yote bila kuiuza wakiwapo wanaume wa ukoo. Mwaka 1988 Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, aliona anazeeka bila wa kumtunza, akaliuza. Mtoto wa ndugu yake akashtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba, akashinda. Mahakama ya Wilaya ikatengua hukumu hiyo, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba kanuni ile inabagua kinyume cha Katiba na kwamba mauzo ni halali.

Mama huyu hakukimbia kwenda popote. Alisimamia haki yake juu ya shamba lake hadi sheria ikamhesabu kuwa ndani yake, zaidi ya miaka 700 baada ya wanasheria wa Uingereza kusema mwanamke hajawahi kuwamo. Kwa mwandishi wa riwaya, anafaa kuwa mjukuu wa yule binti wa Kashozi, na hapo hadithi inapata vizazi vitatu badala ya msimu mmoja wa mapenzi msituni.

Juma lijalo nitashughulikia jambo linalowashinda wengi wanaojaribu: binti huyo azungumzeje. Kihaya cha 1900 ndani ya Kiswahili cha leo, sala alizofundishwa na padri Mfaransa, na adabu ya msichana mbele ya baba yake, ambaye hata akimpinga ni lazima ampigie magoti.