Seleniamu na moyo: usiulize ni mboga gani, uliza imelimwa kwenye udongo gani



Tangu mvua zikatike nimeulizwa swali moja na watu wanne tofauti: "Bwana shamba, hii seleniamu ni kitu gani, na ni kweli inatibu moyo?" Nikafuatilia chanzo. Kumbe kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ina orodha ya mimea: kitunguu saumu, mlonge, uyoga, alizeti, kabichi. Chini yake wameandika kwamba mimea hiyo imejaa seleniamu, na anayeila hatasumbuliwa na moyo. Na nyuma ya picha yupo mtu anauza unga wa majani kwenye kikopo, elfu thelathini na tano kimoja.

Mama mmoja wa kikundi chetu cha maharage alishanunua vikopo viwili. Hela inauma, lakini kilichonishtua ni aliponiambia vidonge vyake vya presha ameviweka pembeni kwanza, aone hii ya asili inafanyaje kazi. Nikamwambia, "Mama yangu, mimi ni mtu wa mazao, dawa siwezi kukuandikia wala kukusimamishia. Kesho asubuhi nenda kituo cha afya wakupime." Alienda. Presha ilikuwa imepanda, wakamrudisha kwenye dawa zake siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo leo tuwaache viwavijeshi wapumzike, tuongelee hili. Habari ya seleniamu na moyo si uongo mtupu, na ugumu wake uko hapo hapo. Ndani yake kuna ukweli mkubwa, ila ukweli huo unaanzia kwenye udongo, na mwenye kikopo hilo hakwambii.

Seleniamu ni madini ambayo mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo sana. Mwongozo wa Marekani unampa mtu mzima maikrogramu 55 kwa siku, mjamzito 60, anayenyonyesha 70. Maikrogramu ni gramu moja ukiigawa mara milioni. Piga hesabu: gramu moja tu ya seleniamu ingemtosha mtu mmoja karibu miaka 50! Lakini kadogo hako kana kazi. Mwili unapotumia hewa ya oksijeni kuzalisha nguvu, unatoa na taka kali zinazochoma chembe hai zake wenyewe. Kuna vimeng'enya vya kuzisafisha, na mwaka 1973 wanasayansi walionyesha kwamba kimoja muhimu kati ya hivyo kimejengwa na seleniamu ndani yake. Moyo haupumziki usiku wala mchana, kwa hiyo usafi huo ukilegalega, misuli yake ni kati ya sehemu zinazoumia.

Sasa sikia jambo ambalo sisi wakulima ndio linatuhusu. Mazao yetu hayahitaji seleniamu. Mahindi yataota, yatabeba na kukauka vizuri bila hata chembe yake. Mmea unainyonya kwa sababu inafanana na salfa, mizizi inaipitisha kwenye mlango ule ule. Ikiwepo kwenye udongo na ikiwa imeachiwa, inaingia. Isipokuwepo, haiingii, na hutaona jani la njano wala mstari wowote wa kukuonya. Ndiyo maana orodha ya "mimea yenye seleniamu" hainiridhishi. Ni kweli kitunguu saumu, kitunguu maji na jamii ya kabichi zina tabia ya kuilimbikiza kuliko mazao mengine, kwa kuwa ni mimea inayopenda salfa. Lakini kitunguu saumu cha shamba lisilo na seleniamu kitalimbikiza nini? Na hata kikiwa nacho, nani anakula robo kilo ya kitunguu saumu kwa siku?

Tuangalie China, maana ushahidi wa moyo umetoka huko. Mwaka 1935 katika wilaya ya Keshan, jimbo la Heilongjiang, ulizuka ugonjwa wa moyo uliowapiga hasa watoto wadogo na wanawake wa umri wa kuzaa. Moyo unatanuka, unalegea, unashindwa kusukuma damu. Ukaitwa ugonjwa wa Keshan. Baadaye ikaonekana unafuata ukanda mrefu kutoka kaskazini mashariki hadi kusini magharibi mwa nchi, na kwenye ukanda huo udongo na nafaka vina seleniamu kidogo mno. Walioumia zaidi walikuwa wakulima wanaokula walicholima wenyewe, msimu hadi msimu.

Kati ya 1974 na 1977 madaktari walifanya majaribio huko Mianning, jimbo la Sichuan. Watoto wa mwaka 1 hadi 9 walipewa kidonge chenye seleniamu mara moja kwa wiki, wengine wakapewa kidonge kisicho na kitu. Mwaka wa kwanza, kati ya watoto 3,985 wasiopewa seleniamu, 54 waliugua. Kati ya 4,510 waliopewa, waliugua 10. Mwaka wa pili tofauti ikawa kubwa zaidi, hadi mwaka 1976 wakaacha kuwagawa, wakawapa wote. Wataalamu waligundua pia kwamba kirusi fulani kinashiriki kwenye ugonjwa huo, kinakuwa kikali zaidi kwenye mwili usio na seleniamu. Kwa hiyo si upungufu peke yake, lakini upungufu ndio uliofungua mlango.

Nchi hiyo hiyo ina kisa cha upande wa pili. Huko Enshi, jimbo la Hubei, miaka ya 1961 hadi 1964 watu wa vijiji fulani walianza kunyonyoka nywele na kung'oka kucha. Mawe ya makaa ya eneo lile yana seleniamu nyingi, ikashuka kwenye udongo, na wakulima walikuwa na desturi ya kuweka chokaa mashambani. Chokaa ikaiachia. Kisha ukame ukaua mpunga, wakabaki wanakula mahindi na mboga za kwenye udongo ule. Sumu ikawaingia kwa njia ya sahani.

Umeona chokaa ilivyofanya? Hapo ndipo kilimo kinaingia.

Kwenye udongo wenye tindikali, hasa huu mwekundu wenye madini ya chuma mengi kama wa Nyanda za Juu Kusini, seleniamu hata ikiwepo inashikwa na chuma isitoke. pH ikipanda kuelekea 6.5 na zaidi, inaachiwa. Mashamba yanayotuamisha maji nayo huifunga, hivyo jaruba la mpunga na shamba kavu la jirani yake yanaweza kutoa nafaka tofauti kabisa.

Mfano mzuri uko kwa majirani zetu Malawi. Watafiti walilinganisha wanawake wa vijijini Zombwe, kwenye udongo wenye tindikali, na wa Mikalango upande wa Chikwawa, kwenye udongo mweusi wa mbuga wenye pH ya juu. Nchi moja, ugali ule ule wa mahindi. Wa Zombwe walikuwa wanapata chini ya maikrogramu 10 kwa siku, wa Mikalango kama 55, na damu zao zikaonyesha tofauti hiyo. Yaani mama wa Zombwe angeweza kulima bustani nzima ya ile mimea ya kwenye picha ya WhatsApp na bado akabaki na upungufu.

Malawi wamejaribu pia kuiweka kwenye mbolea. Gramu 5 tu za seleniamu kwa hekta, uzito wa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, zilikadiriwa kuongeza maikrogramu 26 hadi 37 kwa mtu kwa siku kupitia mahindi. Kasungu wakawapa wanawake na watoto unga wa mahindi ya namna hiyo, na seleniamu ikapanda kwenye damu. Hiyo ni damu. Moyo wenyewe hawakuupima, tusiongeze chumvi.

Waliofanya kwa nchi nzima ni Ufini, kule kaskazini mwa Ulaya. Nchi hiyo ilikuwa na vifo vingi vya moyo, na mwaka 1982 utafiti wa mashariki mwa nchi ulionyesha waliokuwa na seleniamu ya chini sana kwenye damu walikufa zaidi kwa moyo. Serikali ikaamua 1984, na kuanzia 1985 mbolea za viwandani zikachanganywa na seleniamu. Ndani ya miaka michache ulaji ulipanda kutoka kama maikrogramu 40 kwa siku hadi zaidi ya 100. Ikabidi mwaka 1990 wapunguze kiwango kwenye mbolea, 1998 wakakipandisha tena kidogo. Na vifo vya moyo? Vilishuka sana. Ila vilianza kushuka kabla ya 1985, watu walipopunguza sigara na mafuta na kudhibiti presha. Waungwana hao hawajaipa seleniamu sifa isiyo yake.

Na kwa watu ambao tayari wanapata ya kutosha, kuongeza hakujasaidia. Marekani na Kanada walifuatilia wanaume zaidi ya 35,000 waliogawanywa makundi, baadhi wakimeza maikrogramu 200 kila siku. Majaribio yakasimamishwa 2008, hakuna faida iliyoonekana kwa moyo. Mapitio ya tafiti yaliyotoka 2013 yalifika hapo hapo. Tena jaribio jingine la Marekani lilionyesha mwaka 2007 kwamba waliomeza seleniamu walipata kisukari zaidi. Kwa hiyo inajaza shimo pale lilipo. Pasipo na shimo, unarundika kifusi.

Sasa tufanye nini shambani

Kwanza, usinunue chumvi ya seleniamu ukapulizia mwenyewe. Nimeambia kijana mmoja wa mbogamboga hivyo hivyo kwa sauti ya ukali kidogo, anisamehe. Kipimo ni gramu 2 kwa eka. Ukikosea sifuri moja umelisha sumu familia na wateja. Kazi hiyo ni ya kiwanda cha mbolea chini ya usimamizi wa serikali.

Unachoweza ni kurekebisha pH kwa chokaa ya kilimo, baada ya kupima. Utafaidi na fosforasi na maharage yatakushukuru. Usizidishe, maana pH ikipanda mno zinki na chuma vinajifungia, unaziba huku unatoboa kule. Angalia pia mbolea ya kukuzia. SA ina salfa, na salfa hugombania mlango ule ule wa mizizi na seleniamu, halafu inaongeza tindikali kila msimu. Kama udongo wako tayari ni mchachu na hauna upungufu wa salfa, CAN ni bora. Samadi tumia, ina mengi mazuri, ila ng'ombe aliyekula majani ya shamba lako anarudisha kilichotoka humo humo.

Mwenye mifugo asikilize vizuri. Ndama au mwanakondoo kwenye eneo lenye upungufu anaweza kuzaliwa dhaifu, akashindwa kusimama, au akaanguka ghafla kwa moyo. Soma lebo ya jiwe la kulamba uone kama seleniamu imetajwa. Sindano yake achome daktari wa mifugo, kipimo kikizidi inaua.

Mezani, dawa ya udongo maskini ni kutokula udongo mmoja. Samaki seleniamu yake haitegemei shamba lako, kwa hiyo dagaa wa ziwani au baharini mara kadhaa kwa wiki wanafanya zaidi ya kikopo cha elfu thelathini na tano. Mayai yanafaa, yai moja kwa majedwali ya Marekani lina kama maikrogramu 15, ingawa inategemea kuku amekula nini, na chakula cha kuku cha dukani mara nyingi kimeongezwa madini hayo. Ukikoboa mahindi unatoa kiini na vingi vilivyomo, dona ni bora. Mboga kula, kitunguu saumu kula, mlonge kula. Kula kama chakula. Mwenye presha, moyo kujaa, kuvimba miguu au pumzi fupi, dawa za kituo cha afya zinaendelea kama zilivyoandikwa.

Kama hujawahi kupima udongo, anzia hapo kabla ya msimu. Nyanda za Juu Kusini peleka TARI Uyole, upande wa Tanga TARI Mlingano, Morogoro SUA. Chukua udongo sehemu kumi hadi kumi na tano za shamba, kina cha sentimita 20, epuka palipokuwa na kichuguu au lundo la samadi. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, anika kivulini, funga kama nusu kilo, andika jina, kijiji na zao unalotaka kupanda. Ukikwama, nipigie kabla hujachimba.