Zamu ya usafi kanisani, tunaikwepa ya nini?

Ukitaja majengo ya kale watu wanawaza Zanzibar tu. Kumbe sisi wa Ikola tuna jirani yetu Karema, mwambao huu huu wa Tanganyika. Wabelgiji walijenga ngome pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia wamisionari wa White Fathers. Parokia ipo mpaka leo.

Sasa jengo la zamani linakufaje? Adui wa kwanza ni maji. Bati likitoboka mvua inalowesha ukuta, udongo kati ya matofali unalegea, ufa huo! Wa pili ni mchwa. Nyasi zikiota mpaka ukutani, wanapanda kimya kimya hadi kwenye mbao za paa, hakuna anayewaona.

Ndio maana jumuiya ndogo ndogo zinapangiwa zamu za kufyeka na kufagia. Ni kazi ya jembe, fagio na saa chache. Vijana tunakwepa, tunasema tutachangia kwenye harambee. Haya, paa likishaliwa lote, hiyo harambee itakuwa ya shilingi ngapi? Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walishamaliza.

Jumamosi zamu ya nani?