Kuchagua Kiwiliwili cha Hasselblad 500C/M Kilichokwisha Kutumika

Aghalabu mnunuzi wa kamera kuukuu hukimbilia kukagua lenzi, akakisahau kiwiliwili. Katika Hasselblad 500C/M, kamera ya Uswidi iliyotengenezwa kuanzia 1970 hadi 1994, kosa hilo lina gharama: filamu ya aina ya 120 hutoa picha 12 tu za mraba, na kampuni iliacha kuunda kamera za ukoo huu mwaka wa 2013.

Kifungio kinachopima muda wa mwanga kimo ndani ya lenzi. Kiwiliwili kina kioo, na nyuma yake vibawa viwili vinavyoikinga filamu. Mnunuzi na aondoe kasha la filamu, abonyeze kitufe, atazame: vibawa sharti vifunguke kabisa kabla ya lenzi kufyatuka, visalie wazi kidole kingali pale, kisha vijifunge. Vikichelewa, sehemu ya picha hukatwa. Kioo kutorejea papo hapo si ubovu. Hushuka kizungushio cha ubavuni kikizungushwa.

Umri wa kiwiliwili umefichwa katika herufi mbili zilizomo kwenye nambari yake. Herufi za VHPICTURES (fumbo la kumfurahisha mwanaisimu!) huwakilisha tarakimu 1 hadi 9, kisha 0, UC basi ni 1975. Hata hivyo, kiwiliwili cha mwaka huo kinachotumika kila juma huweza kuwa chepesi, ilhali mdogo wake aliyelazwa kabatini miaka mingi amegandiwa na grisi.