Antena Inapogombea Nafasi: Tableti za Kasenyi na Bwera

Mei 2024 Uganda ilihesabu watu wake kwa tableti, sensa ya kwanza ya kidijitali nchini humo. Iwe karani alipangiwa Kasenyi, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa George ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, au Bwera, mpakani na Kongo, majibu aliyokusanya yalipaswa kufika UBOS, idara ya taifa ya takwimu.

Wengi huiona tableti kama simu kubwa, wakadhani kuitia laini ni kazi nyepesi. Lakini antena hudai nafasi kulingana na urefu wa wimbi. Wimbi la megahezi 800, linalofika mbali vijijini, lina urefu wa sentimita 37 hivi, na antena ya robo yake hukaribia sentimita 9. Kwa megahezi 2600, robo hiyo haifiki sentimita 3. Kifaa kimoja lazima kimudu yote hayo kwenye ukingo mwembamba uliokwisha kukaliwa na kioo, betri na chuma, na chuma huzuia mawimbi. Ndiyo maana iPad ya kwanza ya 3G, ya mwaka 2010, ilikuwa na utepe mweusi wa plastiki juu ya mgongo wake wa alumini. Mawimbi yalipitia hapo.

Kinachonistaajabisha zaidi ni usikivu. Kwenye 4G tableti hutuma kwa nguvu isiyozidi takriban wati 0.2. Mnara ukiwa mbali, mawimbi yake huweza kufika yakiwa sehemu moja ya trilioni kumi ya wati, na antena ileile huwa inatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Vichujio vidogo kuliko punje ya mchele ndivyo vinavyozuia sauti ya kifaa isizime ile ya mnara. Bado kuna kelele ya redio inayotoka kwenye nyaya za kioo na memori, ambazo mafundi huzifunika kwa vibati.

Kisha kuna mwili wa mtumiaji, maana tableti hupakatwa. Kwa nguvu ya mawimbi inayofyonzwa na mwili, Ulaya imeweka kikomo cha wati 2 kwa kila kilo, Marekani 1.6, kila moja kwa kipimo chake. Kwa hiyo tableti nyingi zina kihisi: kikigundua paja au mkono, kifaa hupunguza nguvu ya kutuma. Mjini Kasese, karibu na mnara, huenda usitambue lolote. Kwenye nyanda za hifadhi, mnara ukiwa mbali, punguzo hilo linatosha kukwamisha fomu isitumwe. Iweke mezani, ujaribu tena.

Bwera tatizo ni jingine. Rwenzori, yenye kilele cha mita 5,109, ina migongo inayokinga mawimbi. Ya masafa ya chini hupinda kidogo na kupita, ya juu hukwama. Mnara wa Uganda usiposikika, tableti huweza kuushika wa Kongo: namba ya nchi kwenye utambulisho wa mtandao inageuka kutoka 641 ya Uganda kuwa 630, baa zinajaa, lakini data haiendi kwa sababu roming imezimwa. Ikiwashwa, bando huweza kuisha upesi. Makarani wanaopangiwa mpakani wafundishwe kabla ya kuondoka kufungua mipangilio, kuzima uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki na kuchagua wenyewe mtandao wa Uganda.